Bi Mizani na Maduka ya Sarafu ya Miji ya Watu

Wafiwa wapendwa, majirani wema, na ninyi mliopanda mabasi usiku kucha ili muwahi kufika hapa leo, Alhamisi tarehe 13 Juni 2024: anayewasomea wasifu huu ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao. Familia ilimwomba aandike kurasa chache, tarehe ziwe sahihi na mzaha usiwepo. Tarehe ni sahihi, kwa kuwa mpwa wake amezikagua moja baada ya nyingine. Kuhusu mzaha, usingekuwepo marehemu mwenyewe angesinzia kabla ya ukurasa wa pili, na mdogo wake hakuwa tayari kumfanyia hivyo siku ya leo.

Marehemu, ambaye wengi walimwita Bi Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya tatu kutoka stesheni ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yao alikuwa fundi viatu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, kwa hiyo watoto walikua wakinusa gundi na kuamshwa na nyundo. Mama yao alishona sare za wafanyakazi wa reli. Watoto wawili wa katikati walitangulia mbele ya haki wangali wadogo, ndiyo maana kati ya marehemu na kitinda mimba palikuwa na pengo la miaka kumi na mitatu. Huyo kitinda mimba alikulia mgongoni kwa dada yake. Alipougua surua akiwa na miaka minne, dada, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule, alimbeba mwendo wa dakika arobaini hadi zahanati, akimwambia njia nzima kwamba akithubutu kufa atamchapa. Hakuthubutu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1965. Mwaka uliofuata alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, akakaa huko hadi 1969. Mwaka wa pili bwenini aligundua kwamba mkate wa asubuhi unapungua. Wenzake walinung'unika tu. Yeye alichukua rula, uzi na vifuniko viwili vya kopo, akatengeneza mizani, akapima kipande chake kila siku kwa mwezi mzima na kuandika. Kisha akampelekea matroni karatasi. Matroni alimpa adhabu ya kufagia ukumbi kwa utovu wa adabu, lakini baada ya wiki mwoka mikate alibadilishwa. Mwalimu mkuu hakulisahau jambo hilo. Ndiye aliyempigia debe mwaka 1970 apate nafasi ya mafunzo ya ukaguzi wa vipimo, ambako alikuwa msichana pekee kati ya wanafunzi kumi na tisa. Alihitimu Novemba 1971.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika ofisi ya vipimo na mizani, na huko alitumika miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Kazi yake ilikuwa ya safari. Alibeba sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, makubwa kwa madogo, kila jiwe kwenye shimo lake lililotandikwa kitambaa, akaenda mji hadi mji akikagua mizani za sokoni, za maduka ya dawa na za masonara. Mizani iliyosema kweli aliigonga muhuri. Iliyosema uongo aliifunga kamba nyekundu, mwenyewe alie asilie. Wauza nyama walikuwa wakimwona anaingia mlango huu, wao wanatokea mlango ule. Jina la Bi Mizani lilianzia hapo, na mwanzoni halikuwa jina la kumsifu.

Sarafu nazo zilianza kazini. Agosti 1974, katika mji wenye viwanda vya nguo, alitumwa kukagua duka jembamba lililobanwa kati ya kinyozi na muuza miwani. Mwenye duka, bwana mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliuza sarafu za zamani. Mizani yake ilikuwa ndogo kama sahani ya kikombe, na ilikuwa sahihi. Marehemu alipokuwa akifunga sanduku lake aliona kwenye trei sarafu moja yenye tundu katikati, iliyopita mikononi mwa watu hadi maandishi yake yakafifia. Aliishika, akaigeuza, akauliza bei. Hapohapo akakumbuka kwamba mkaguzi hanunui anakokagua, akairudisha.

"Basi ichukue bure, mama," yule bwana akasema.

"Ya bure ndiyo mbaya zaidi," akamjibu.

Yule bwana alicheka hadi tumbo likatikisa meza. Akachukua kipande cha karatasi, akamchorea njia. "Vuka reli, tafuta duka la mshonaji mwenye mlango wa kijani, panda ngazi. Kuna mzee pale juu. Mizani yake inakaguliwa na mwenzako, kwa hiyo huna kizuizi. Mimi na yeye hatuivi chungu kimoja, lakini anayo sarafu kama hii, na hatakuibia."

Alivuka reli, akapanda ngazi, akainunua. Aliporudi nyumbani aliitia kwenye limau, akaisugua kwa majivu kwa siku mbili hadi ikang'aa kama jino. Alijiona amefanya la maana. Mwaka uliofuata alirudi kwa mzee wa ghorofani na kumwekea mezani, kifua mbele. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeiosha?"

"Nimeisugua, mzee. Inapendeza, sivyo?"

"Umeiua, mwanangu," mzee akasema. "Ule weusi ndio uliokuwa umri wake. Sasa haina umri, na hakuna atakayeitaka."

Marehemu alisimulia kwamba machozi yalimtoka palepale, mtu mzima, mtumishi wa serikali, muhuri mkobani. Lakini aliposhuka ngazi alikuwa ameshampenda yule mzee. Angeweza kumsifia ile sarafu, akamuuzia na nyingine tatu aende akazisugue. Alichagua kumwambia ukweli na kukosa biashara. Tangu siku hiyo marehemu hakutafuta sarafu kwanza. Alitafuta watu wa aina ile, na sarafu zikaja nyuma yao.

Hivyo ndivyo ikawa kwamba kila alipotumwa mji mgeni, kazi ikimalizika jioni, alikuwa na shughuli moja: kulijua duka zuri la sarafu la mji huo kabla hajaondoka. Alikuwa na taratibu zake, na aliyesafiri naye alizisikia apende asipende. Hotelini haulizwi mtu. Wa mapokezi atakupeleka kwenye duka la vinyago na mikufu, kwa binamu yake. Muulize fundi saa, na siye yule wa dukani mwenye kiyoyozi. Tafuta anayekaa barazani na lenzi jichoni, kwa sababu watu wa sarafu huenda kwake kutafuta vibano na vijiboksi. Ukifika dukani, tazama trei. Sarafu zote ziking'aa, aga. Tazama kama kuna kiti cha mteja, kwa kuwa anayekuwekea kiti hana haraka na wewe. Mwisho, uliza sarafu ambayo hana. Akikuambia, "Ngoja nikutafutie, rudi kesho," shukuru uondoke. Akikuelekeza kwa mshindani wake, umefika.

Mdogo wake hakuona maana yoyote katika mambo haya. Kwa miaka arobaini alikuwa na mzaha mmoja, na hakuuchoka: "Dada, yaani unatoa hela, unanunua hela?" Aliusema harusini, aliusema kwenye sikukuu, aliusema mbele ya wageni. Marehemu alimjibu kila mara kwamba kuna watoto hubebwa mgongoni muda mrefu mno, damu ikashindwa kufika kichwani.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali, mtu mpole wa maneno machache. Mwaka wa kwanza wa ndoa nusura mambo yaharibike. Marehemu alikuwa safarini, akampelekea mumewe kadi ya posta yenye mistari mitatu: "Kazi inaendelea vizuri. Nimemkuta tena mzee wangu wa ghorofani, mikono yake ni ya ajabu. Kesho nitarudi kwake." Shemeji aliisoma kadi hiyo mara nyingi. Alisema baadaye kwamba hakuwa na wivu, aliamua tu kubadilisha hewa. Akapanda treni, akauliza, akafika kwenye mlango wa kijani, akapanda ngazi kwa kunyata na roho mkononi. Alimkuta mkewe ameinamia trei, lenzi jichoni, na mzee wa mikono ya ajabu amelala fofofo kwenye kiti chake, mdomo wazi.

"Umefuata nini huku?" mkewe akamuuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukubebea mkoba," akajibu.

Akaubeba kweli, likizo baada ya likizo, kwa zaidi ya miaka thelathini. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi. Shemeji alifariki tarehe 22 Julai 2009. Marehemu alimlilia kwa sauti, kisha akawa anamlilia kimya, lakini mwaka uliofuata aliendelea na safari zake kwa pensheni yake, akibeba mkoba mwenyewe.

Mwaka 2012 aligundulika kuwa na presha ya macho. Familia inawashukuru kwa dhati daktari na wauguzi wa kliniki ya macho, ambao walimwekea dawa, wakamfanyia upasuaji mara mbili, na hawakumficha lolote. Yeye mwenyewe alisema walikuwa watu wa kumwambia mtu sarafu yake imekufa. Januari 2015 mwanga wa mwisho ulizimika.

Kilichofuata hakina mzaha. Marehemu aliamuru visanduku vyake vyote vifungiwe kabatini. Akaingia chumbani, na kwa miezi kumi na minne hakutoka ila kwenda msalani. Binti yake alimletea sarafu kitandani, akaanza kumsimulia: hii ina simba, hii ina taji. Alimkatiza. "Usinisimulie. Nimekagua vitu kwa macho yangu maisha yangu yote. Sitaki kuanza kuuziwa maneno." Chakula aligusa tu. Viatu vyake vya kahawia, vya safari, viliota vumbi chini ya kitanda. Aliyekuwa akiwatoa wauza nyama mbio akawa anageukia ukutani mtu akiingia. Daktari alimwambia binti waziwazi: "Macho hayataua mtu. Kitanda kile kitamwua." Walijaribu viongozi wa dini, walijaribu marafiki wa kazini, walijaribu redio. Wajukuu waliingia kumwimbia wakatoka wanalia. Kila aliyempenda alijua kwamba anaondoka polepole, na hakuna aliyejua pa kumshikia.

Ndipo mdogo wake, asiyejua tofauti ya sarafu na kifungo cha koti, akapata wazo. Jumatano tarehe 9 Machi 2016 alipanda basi la alfajiri, akasafiri kwa saa tisa hadi mji ambao si yeye wala dada yake aliyewahi kuukanyaga. Kesho yake, saa tatu asubuhi, akasimama mbele ya hoteli aliyolala na kupiga simu. Binti aliipokea, akamwekea mama yake sikioni.

"Dada, habari za asubuhi? Kazini wamenituma huku, na leo nina nafasi. Nimeona nitafute duka la sarafu. Nianzie wapi?"

"Wewe na sarafu wapi na wapi? Niache nilale."

"Sawa, dada. Pumzika. Nitauliza hapa hotelini."

Binti anasema aliona kichwa cha mama yake kikiinuka kutoka kwenye mto.

"Utauliza wapi?"

"Hapa mapokezi. Kijana anaonekana mchangamfu, anasema ana binamu yake..."

"Usithubutu! Toka hapo mlangoni. Toka sasa hivi, na simu usiikate."

Alitoka. Kwa muda wa saa mbili na nusu alitembezwa katika mji mgeni na mwanamke asiyeona, aliyekuwa amelala kitandani mbali kiasi kile. Alimwambia asikilize palipo na kelele za soko, aziache mkono wa kulia, afuate barabara ya maduka ya vitambaa na mashine za kushona, kwa kuwa mafundi wa vitu vidogo hukaa karibukaribu. Alipotea. Alirudi. Alimkuta fundi saa mmoja na kutaka kumuuliza.

"Amekaa wapi?" dada akauliza.

"Ndani ya duka la vioo."

"Songa mbele."

Wa pili alikuwa barazani, mbele ya duka la fotokopi, lenzi jichoni. Marehemu akataka fundi huyo apewe simu. Mdogo wake alisimama juani kama mzigo uliosahaulika, huku wawili hao wakizungumza habari za springi na vibano kwa dakika kumi. Fundi akarudisha simu akicheka. "Huyu mama yako anajua kazi yangu kuliko mimi. Kuna maduka mawili. La kwanza liko pale kwenye kona, la pili limejificha kwenye kichochoro. Mama amesema uanze na la kona, eti ujifunze."

Akaingia la kona.

"Zinang'aa?" sauti ya dada ikauliza.

"Dada, zinang'aa kama vijiko vya harusi!"

"Aga."

Akaaga. Kichochoro kilikuwa na upana wa watu wawili wasiogombana. Mwishoni palikuwa na mlango wa chuma, na ndani yake mama mmoja mwenye kilemba cha kijivu, trei za sarafu nyeusinyeusi, na kiti chenye mto uliochakaa. Mdogo mtu akakaa. Akauliza sarafu ambayo dada yake alimfundisha kuitaja, neno kwa neno, kwa kuwa hakuelewa hata alichokuwa akiuliza. Mama wa kichochoroni akafikiri.

"Sina hiyo. Lakini kuna bwana mmoja mtaa wa nyuma, huenda anayo. Mimi naye hatusalimiani mwaka wa sita huu, kwa hiyo usimwambie nimekutuma."

Kutoka kwenye simu kikaja kicheko. Si kicheko cha adabu. Kilikuwa kile cha zamani, cha kukatisha pumzi, kilichokuwa kikimfanya baba yao aache nyundo chumba cha mbele ili aulize kuna nini. Miezi kumi na minne hakikuwa kimesikika katika nyumba ile. Binti alitoka chumbani ili alie vizuri.

"Umefika," marehemu akasema alipopata pumzi. "Kaa hapohapo. Nipe nizungumze naye."

Walizungumza hadi simu ikazima chaji. Na huku nyumbani marehemu aliomba mambo mawili: maji ya moto ya kuoga, na viatu vyake vya kahawia vipigwe brashi.

Mama wa kichochoroni alimpa mteja mmoja namba ya simu ya marehemu, mteja akampa mwenzake, na haukupita mwaka simu ya Bi Mizani ikawa haina pumziko. Walipiga madereva wa malori, wafamasia, wanafunzi, bwana mmoja mwenye kigugumizi aliyekuwa akisafiri kuuza dawa za mifugo. Wote walikuwa wamesimama mahali fulani katika mji wa watu na hawajui waanzie wapi. Kwa miaka minane aliwaongoza kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Aliowafikisha wakampigia kumweleza walichokipata, naye akakubali kusimuliwa. Alijifunza kusoma sarafu kwa kidole, akishika ukingo tu, na mara tatu alisafiri mwenyewe na binti yake. Mara ya kwanza walikwenda kwa mama wa kichochoroni, ambaye siku hiyo alifunga duka mapema ili wakae. Baadhi ya watu hao wako hapa leo, na familia inawashukuru mmoja mmoja. Mlidhani mnamsumbua. Mlikuwa mnamlisha.

Tarehe 2 Juni mwaka huu alilazwa kwa homa ya mapafu. Hata wodini alipigiwa, na muuguzi wa zamu alimsikia akisema kwa sauti ya kukwama: "Mwanangu, nipo hospitali, sina pumzi nyingi, kwa hiyo nisikilize. Toka hapo hotelini." Aliaga dunia Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa kumi na dakika arobaini alasiri, binti yake amemshika mkono mmoja na mdogo wake mwingine. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja ambaye alimpenda kama wa kumzaa, na wajukuu watatu, wasichana wawili na mvulana. Ameacha majirani ambao mizani zao za jikoni zote ziko sahihi, kwa lazima. Ameacha mama wa kichochoroni, aliyesafiri kwa saa tisa kuja hapa, na bwana wa mtaa wa nyuma, aliyesafiri naye basi moja. Watu wanasema sasa wanasalimiana.

Na ameacha mdogo mmoja. Kuhusu huyu pana neno la kuongeza, kwa kuwa juzi mpwa wake, yule binti muuguzi, alipokuwa akikagua tarehe alifika pale penye safari ya Machi 2016, akaweka kalamu chini.

"Mjomba, hapa umeandika ulimwambia Mama kwamba umetumwa na kazi."

Mjomba akaona hakuna haja tena ya kuficha. Akakiri kwamba hakuna aliyemtuma. Yeye ni mtunza stoo wa ghala la vigae, na ghala la vigae halimtumi mtunza stoo popote. Aliomba likizo, akapanda basi, akaenda mji asioujua kwa ajili ya simu ile moja, kisha akamdanganya dada yake kwa miaka minane. Kila alipoulizwa habari za kazi ile aliongeza uongo juu ya uongo: mkutano wa wauza vigae, bosi mkali, mteja aliyetaka vigae vya bluu vya bafu lenye duara. Alijisifu moyoni kwamba mwanamke ambaye hakuna mwenye duka aliyewahi kumpiga changa la macho, yeye amempiga.

"Alijua, mjomba," mpwa wake akasema. "Siku ileile mchana, simu yako ilipozima, alinituma nipige ghalani niulize kama umefika salama. Meneja akajibu kwamba uko likizo, kwamba umeomba siku tatu ukamhudumie dada yako mgonjwa. Mama akaniambia, 'Usimwambie. Ameona amenipata, mwache afurahi.' Halafu ndipo akaomba maji ya kuoga."

Kwa miaka minane, kila sikukuu, mbele ya wageni, Bi Mizani alimgeukia mdogo wake na kumuuliza kwa uso mkavu: "Na yule mteja wa vigae vya bluu, lile bafu lake liliisha?" Naye mdogo mtu alijibu, akitoka jasho.

Dada, mizani zote ulizowahi kuzikamata zikisema uongo ulizifunga kamba nyekundu. Uongo huu mmoja uliuona, ukaupima, ukaugonga muhuri. Mdogo wako anakushukuru. Umefika, dada, kaa hapohapo, na Mwenyezi Mungu akupe utulivu usiokwisha.